Kitambulisho cha Mzee Kisitoke Mkononi Mwake

Mpwa wangu mpendwa,

Umetaka ushauri wangu kama ni busara uchukue vitambulisho na simu za wazazi wako, uzishike wewe huko mjini, wasije wakatapeliwa kwa jina la matibabu. Nia yako ni njema, na mtoto anayewawazia wazazi wake hivyo anastahili shukrani. Hata hivyo nakusihi usifanye hivyo. Walaghai wa matibabu hawawanasi wazee kwa sababu akili za wazee zimechakaa. Huwanasa kwa kuwa huwakuta wanaumwa, wako peke yao, na hawana wa kumuuliza kabla ya kutia sahihi. Ukimnyang'anya mzee kitambulisho, umemzidishia upweke ule ule ambao mlaghai anautafuta. Kinga yake ni kuelewa mambo yanavyokwenda na kuwa na mtu wa kushauriana naye bila kuona haya.

Kumbuka yaliyofichuliwa hapa Kenya Juni 2023. Uchunguzi wa wanahabari wa televisheni ulionyesha jinsi wazee wa vijijini, wakiwemo wa Meru, walivyoalikwa kwenye matibabu ya bure, wakaambiwa magoti yao yanahitaji kushughulikiwa, wakasafirishwa hadi hospitali za mbali, kisha NHIF, bima ya afya ya taifa wakati ule, ikadaiwa malipo ya upasuaji. Waziri wa Afya wa wakati ule, Susan Nakhumicha, aliagiza uchunguzi, na hospitali kadhaa zikasimamishwa. Wengi walisema wazee wale ni wajinga, lakini hebu ipime safari yao hatua kwa hatua. Goti lilikuwa linauma kweli. Huduma ilitangazwa hadharani, na majirani nao walikuwa wamejiandikisha. Gari lilitolewa, na aliyewapokea alivaa koti jeupe. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambayo mtu timamu angeiona kuwa ya ajabu. Hila nzima ilijengwa juu ya mambo yaliyo mema kwa kawaida, yaani imani kwa daktari, shukrani kwa anayekusaidia, na kuwafuata wenzako.

Wala usidhani jambo hili ni la watu wasiosoma. Marekani ina Medicare, bima ya serikali ambayo kwa sehemu kubwa inawahudumia watu wa miaka 65 na zaidi. Septemba 2019 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 35 waliohusishwa na madai ya zaidi ya dola bilioni 2.1 ya vipimo vya vinasaba vya saratani. Wazee walikuwa wakipigiwa simu au kufuatwa kwenye maonyesho ya afya, wakiambiwa kipimo ni bure. Walipanguswa ndani ya shavu, nambari ya bima ikachukuliwa, na mara nyingi majibu hayakuwafikia, au yalifika yakiwa hayana faida kwa madaktari wao. Ukiilinganisha habari hii na ile ya magoti, utaona mtego ni mmoja. Chambo ni neno bure, kinachowindwa ni bima, na asiyeonekana popote ni daktari anayemjua mgonjwa. Hilo la mwisho ndilo ningependa ulishike. Matibabu ya haki huanza na mgonjwa kueleza maumivu yake kwa mtu anayemhudumia, ilhali ulaghai huanza na mgeni anayemtafuta mgonjwa akiwa tayari amejua atakachomtibu.

Najua utasikia watu wakisema kwamba mzee hakupoteza hata shilingi, kwa hiyo hasara ni ya serikali. Hoja hiyo haina msingi. Mfuko wa bima unajazwa na makato ya mishahara, ambayo sasa ni asilimia 2.75, na michango ya wasio na mishahara, ambao wa chini kabisa hulipa shilingi 300 kwa mwezi. Kila dai la uongo hula fedha ambazo zingemtibu mgonjwa mwingine. Tena mzee mwenyewe huumia. Bima ina viwango na vikomo, na kilicholiwa kwa udanganyifu huenda kikakosekana siku ya shida ya kweli. Rekodi yake huandikwa ugonjwa asio nao au upasuaji ambao haukufanyika, na daktari atakayemwona kesho anaweza kuamua dawa kwa kuusoma uongo huo. Na pale ambapo kisu kimepita bila sababu, aliyelipa ni mwili wa mzee, na mwili haurudishiwi gharama.

Wengine watakuambia tatizo limekwisha kwa sababu ya mitambo mipya. Ni kweli kwamba SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na utambuzi kwa alama za vidole ni hatua ya maana, kwa kuwa unamzuia mtu kudai malipo ya mgonjwa ambaye hakufika kabisa. Lakini Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa makumi ya vituo, na miongoni mwa tuhuma zilizotajwa ni kumwandika mgonjwa aliyetibiwa akarudi nyumbani kana kwamba alilazwa. Alama ya kidole inathibitisha kwamba mzee alikuwepo, lakini haisemi alifanyiwa nini. Hilo analijua mzee mwenyewe, na ndiyo maana hawezi kuwekwa kando. Shahidi mkuu wa matibabu ni mgonjwa.

Basi mfanye awe shahidi mwenye kumbukumbu. Tangu 1997 Marekani ina mpango unaoitwa Senior Medicare Patrol, ambao huwatumia watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, kuwafundisha wazee wenzao kuandika siku waliyotibiwa na huduma waliyopata, kisha kulinganisha na taarifa za madai. Hekima yake haihitaji fedha. Wanunulie wazazi wako daftari. Kila wanapotoka hospitalini waandike tarehe, kituo, jina la aliyewahudumia, walichofanyiwa na dawa walizopewa. Macho yakisumbua, mjukuu awaandikie. Mkubaliane kwamba hakuna karatasi itakayotiwa sahihi, wala kidole kitakachowekwa, kabla ya kuelezwa kwa lugha wanayoielewa ni kwa huduma gani. Nambari ya siri inayotumwa kwa simu wasimtajie mtu asiyewahudumia wakati huo huo. Upasuaji usio wa dharura usubiri maoni ya daktari wa pili. Mgeni akija na gari na ahadi, waulize kwanza kwenye zahanati ya karibu, au kwa mhamasishaji wa afya ya jamii anayewatembelea. Na wewe upokee simu zao, hata ukiwa kazini.

Kuna pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito mkubwa kuliko mengine. Je, tahadhari hizi hazitawatia wazee hofu wakaacha kutibiwa? Hatari hiyo ipo, na presha au kisukari kisichotibiwa kinaua watu wengi kuliko mlaghai yeyote. Kwa hiyo usiwafundishe kuogopa hospitali, bali wafundishe kutofautisha. Huduma za bure za halali zipo, kwani aliyejisajili SHA hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya msingi. Huduma hizo hazikuharakishi, hazikukatazi kumwita mwanao, na kesho bado zipo. Anayekuambia nafasi ni ya leo tu na usimwambie mtu, huyo ndiye wa kukwepwa. Wazee wengine huona kumhoji daktari ni utovu wa adabu. Waambie kwamba muuguzi na daktari mwema hupenda kuulizwa, kwa kuwa mgonjwa anayeelewa hutumia dawa ipasavyo.

Ikitokea wamedanganywa, shika ulimi wako. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mzee aliyekaripiwa mara moja ataficha mara ya pili. Mshukuru kwa kusema, mpeleke akaonwe na daktari mwingine, mkaripoti kwa SHA na kwa polisi mkiwa na daftari lile mkononi. Ripoti ya mzee mmoja huwaokoa majirani zake ambao hawajafikiwa bado.

Warudishie wazazi wako vitambulisho vyao kama umeshavichukua, na uwaeleze haya yote kwa utaratibu, ukiwauliza nao maoni yao. Walikulea kwa kukueleza mambo na kukuachia nafasi ya kuamua. Heshima hiyo hiyo ndiyo itakayowalinda.

Mungu akubariki na kukuzidishia subira.

Ni mimi mjomba wako anayekupenda.