Hesabu ya Kungoja

Kungoja ni kodi ambayo kila msafiri huilipa wala hapewi stakabadhi. Katika njia panda kodi hiyo hutozwa kwa wakati: sekunde ishirini hapa, dakika mbili pale, mpaka siku ikapungua pasipo mtu kujua imekwenda wapi. Kwa kuwa wakati uliopotea haurudi, wataalamu wa hisabati waliona kuwa hasara hiyo yafaa kupimwa kama hasara nyingine yoyote.

Mwanzo wa kipimo hicho haukuwa barabarani. Mwaka 1909, A. K. Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alieleza kwa hisabati jinsi miito ya simu ifikavyo kwa bahati, mara mingi kwa pamoja, mara mmoja mmoja. Magari nayo aghalabu huja hivyo hivyo. Hata yakiwa machache kuliko uwezo wa barabara, matano huandamana, kisha barabara ikawa tupu. Nafasi iliyopita bila ya gari haiwekwi akiba kwa gari lijalo. Ndiyo sababu foleni huzaliwa kabla njia haijajaa.

Mwaka 1958, F. V. Webster, mtafiti wa mambo ya barabara wa Uingereza, alitoa kanuni ya kupanga taa za njia panda. Kila zamu ya taa inapogeuka, sekunde chache hupotea: madereva wa kwanza huchelewa kuondoka, na wa mwisho hawana budi kumaliza kupita. Mzunguko wa taa ukiwa mfupi mno, hasara hiyo hurudiwa mara nyingi. Ukiwa mrefu mno, taa ya kijani humulika lami tupu huku upande wa pili watu wakingoja. Kanuni ya Webster hutafuta, kati ya mabaya haya mawili, urefu unaopunguza wastani wa kungoja. Mfano ni njia panda ipotezayo sekunde 10 katika kila mzunguko. Magari yakidai sehemu sita katika kumi za uwezo wake, mzunguko ufaao ni sekunde 50. Yakidai nane, ni sekunde 100. Yakidai tisa, ni sekunde 200. Magari yameongezeka kwa nusu tu, lakini mzunguko umekuwa mara nne. Hapa pana somo ambalo jicho peke yake halilitambui: kungoja hakukui kwa kadiri ya magari yaliyopo, bali kwa kadiri nafasi iliyosalia inavyopungua. Dereva adhaniye kuwa gari lake moja si kitu hukosea zaidi saa ile njia inapokaribia kujaa.

Lakini wastani una siri yake. Njia kuu ikipewa kijani kirefu, wastani hushuka. Atokaye njia ndogo hungoja zaidi, na taabu yake humezwa na nafuu ya wengi. Tena, kila hesabu hutegemea kinachohesabiwa. Katika kipimo cha Webster basi lilikuwa sawa na motokaa mbili na robo, kwa kuwa kilichopimwa ni mzigo wake juu ya barabara, si watu waliomo ndani yake. Abiria hamsini wa basi hawakuwazidi sana madereva wawili, kila mmoja peke yake katika motokaa yake. Mwenda kwa miguu hakuwamo kabisa, maana wastani huo ulikuwa wa magari.

Hili si kosa la hisabati. Hisabati hujibu kwa uaminifu swali lililoulizwa. Likiulizwa magari mangapi yapite, jibu litakuwa la magari. Likiulizwa watu wangapi wafike, jibu litageuka. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016 katika njia yao wenyewe, badiliko hilo la swali lilionekana kwa macho: sehemu ya barabara iligawiwa kwa kutazama wingi wa watu kuliko wingi wa magari.

Methali husema subira huvuta heri. Naam, lakini heri ikivutwa kila siku na mtu yule yule, ikamfikia kila siku mwingine, hiyo si subira tena. Ni dhuluma iliyovikwa adabu. Mwenye kupanga taa, kabla hajashika kalamu, na aamue kwanza ni nani aliye mtu mbele ya hesabu yake.