Ukifika Unguja, Ingia Ngomeni

Wazazi wengi hapa parokiani hawapendi kusikia habari za senema. Husema inaharibu watoto. Lakini watoto hao hao hutazama picha usiku katika simu, peke yao ndani ya shuka, wala mzazi hajui wanatazama nini. Je, lipi bora?

Basi, mwenye safari ya Unguja asitosheke na karafuu na pweza wa Forodhani. Na avuke barabara aingie Ngome Kongwe. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Leo ndani ya kuta zake mna uwanja wa maonyesho usio na dari. Watazamaji huketi juu ya ngazi za mawe, mtoto kando ya baba yake. Picha ikiwa mbaya, baba anaiona. Ikiwa nzuri, wana la kuzungumza njiani. Humo tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza 1998, limeonyesha picha zake miaka mingi. Muziki nao hupigwa. Uliza kwanza mlangoni, maana si kila jioni.

Kisha tembea hadi Vuga uitazame Majestic, iliyojengwa 1955 baada ya ile ya kwanza kuungua. Watazamaji walipopungua ilichakaa, hata paa likaporomoka. Empire, karibu na soko la Darajani, iligeuzwa duka. Mimi kiingilio cha Ngomeni sikioni ghali.