Barua Kutoka Ng'ambo: Sauti na Kimya cha Wahamiaji wa Ayalandi

Barua ya mhamiaji imezoeleka kusomwa kama hati ya historia tu. Mwanahistoria huitafuta ndani yake bei ya nauli, ujira wa siku na tarehe ya meli kuwasili. Mhakiki wa fasihi naye amekuwa akiipita, kana kwamba maandishi ya mkulima au ya mtumishi wa nyumbani hayawezi kuwa na fani. Mtazamo huo una kasoro kubwa. Barua zilizovuka Atlantiki kati ya Ayalandi na Marekani katika karne ya 19 na ya 20 ni utanzu wenye kanuni zake, wenye hadhira yake mahususi na, zaidi ya yote, wenye kimya chake. Asiyekisoma kimya hicho hajaisoma barua.

Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa wa viazi ulileta Njaa Kuu. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Njaa ilikoma, lakini kuhama hakukukoma. Vijana wa vizazi vilivyofuata walikua wakijua kwamba baadhi yao lazima waondoke. Usiku wa kuamkia safari, jirani walikusanyika nyumbani kwa msafiri wakacheza ngoma, wakanywa na kuimba, na kulipopambazuka wanawake wazee wakalia kilio cha msiba. Usiku huo waliuita mkesha wa Marekani, kwa neno lile lile walilotumia kwa mkesha wa maiti. Haikuwa tamathali ya usemi tu. Wazazi wengi hawakumwona tena mtoto waliyemsindikiza, na tangu siku hiyo uhai wake kwao ulikuwa uhai wa karatasi.

Karatasi hiyo haikuwa siri ya watu wawili. Barua kutoka Marekani ilipofika ilikuwa karibu mali ya kijiji kizima: jirani waliingia jikoni, wakakaa karibu na moto, na pale ambapo wazee hawakujua kusoma, mwalimu, padri au mtoto wa shule aliisoma kwa sauti. Utanzu huu basi uliandikwa ili utendwe mbele ya hadhira, na mwandishi aliyekuwa Boston au New York aliijua hadhira hiyo vizuri. Angeandikaje kwamba kaka yake amekuwa mlevi, au kwamba yeye mwenyewe hana kazi tangu majira ya baridi yaanze, ilhali maneno hayo yangesikika kinywani mwa padri? Ndiyo sababu barua nyingi zimejaa salamu, majina ya wa kusalimiwa, sala na habari za afya. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia katika desturi ya kuanza barua kwa kumtumainia mwenziwe uzima kama alio nao yeye hahitaji kuelezwa muundo huu. Wahamiaji wa Ayalandi walikuwa na wao unaofanana nao sana. Mhakiki mwenye haraka huiruka mistari hiyo kwa kuiona tupu. Lakini fomula ndiyo iliyokuwa kipimo. Ilipopungua neno moja, mama aliyezoea kuisikia ndiye aliyekuwa wa kwanza kushtuka.

Kuna suala la lugha pia, nalo halijapewa uzito unaostahili. Shule za kitaifa zilizoanzishwa kuanzia 1831 zilifundisha kwa Kiingereza, ilhali nyumba nyingi za magharibi mwa nchi zilizungumza Kiayalandi. Kijana aliyetoka huko alijifunza kuandika kwa lugha ambayo hakulelewa nayo, na mama ambaye hakuijua alifasiriwa maneno ya mwanawe mwenyewe. Upendo ulivuka bahari, kisha ukavuka lugha, na haiyumkiniki kwamba haukupoteza kitu njiani. Eibhlís Ní Shúilleabháin, aliyeishi kisiwani Great Blasket karibu na pwani ya Kerry, alimwandikia rafiki yake wa London, George Chambers, kwa miaka ishirini kuanzia 1931. Aliandika kwa Kiingereza, kwa kuwa rafiki hakuwa na njia nyingine ya kumsoma. Barua hizo zilitolewa kitabu mwaka 1978; wakati huo kisiwa kilikuwa kitupu, maana wakazi wa mwisho walihamishwa 1953.

Kisiwani humo humo aliolewa Peig Sayers, ambaye tawasifu yake ilichapishwa 1936. (Watoto wa shule wa Ayalandi walilazimishwa kuisoma kwa miaka mingi, na wengi wakaichukia, kama yanavyochukiwa mahali pengi matini ya mtihani.) Peig alipokuwa msichana, rafiki yake Cáit Jim alikwenda Marekani akiahidi kumtumia nauli. Peig alingoja. Barua iliyofika hatimaye ilikuwa na habari kwamba Cáit ameumia mkono, hawezi kufanya kazi, na nauli haipo. Maisha yote yanayosimuliwa baada ya hapo, yaani ndoa, kisiwa, watoto waliozikwa na watoto waliokwenda Marekani, yanatokana na bahasha hiyo. Ikumbukwe pia kwamba Peig hakuiandika tawasifu yake kwa mkono wake. Aliisimulia, na mwanawe Mícheál, ambaye naye alikuwa ameiona Marekani akarudi, akaiandika.

Kisa cha mkono wa Cáit kinafichua jambo ambalo wahamiaji wengi hawakuthubutu kulitamka. Barua ilitarajiwa kuja na fedha. Wasichana waliofanya kazi katika majumba ya matajiri wa miji ya Marekani walilipa kodi za mashamba ya baba zao na nauli za wadogo zao. Aliyekosa cha kutia ndani ya bahasha aliona haya kuandika. Miaka ikapita, haya ikawa nzito zaidi, na nyumbani wakasema amewasahau. Cáit aliandika ingawa bahasha ilikuwa tupu, na hilo lapaswa kuhesabiwa kuwa ushujaa.

Brian Friel aliurejelea usiku wa mkesha katika tamthilia yake ya 1964, Philadelphia, Here I Come!, lakini humo hakuna kilio wala ngoma. Gar anaondoka asubuhi kwenda kwa shangazi yake, naye anaigizwa na watu wawili, mmoja akiwa yule anayeonekana na mwingine yule wa moyoni. Mbele ya baba yake muuza duka, ni wa moyoni pekee anayesema la maana. Colm Tóibín naye, katika riwaya ya Brooklyn ya 2009, amegeuza mwelekeo wa kungoja. Eilis amerudi Enniscorthy baada ya kuolewa kwa siri, na asiyejibiwa sasa ni mume aliyebaki Marekani. Barua za Tony zinafika moja baada ya nyingine, na Eilis anaziweka ndani ya mtoto wa meza bila kuzifungua.