KOFIA YA IDI NA MKEKA WA MASIKA
Matembezi katika viunga vya Dar es Salaam

Aghlabu mtu akitaka kusimulia safari hutaja nchi za mbali, bahari alizovuka na miji aliyoiona. Sisi leo twataka kukusimulieni safari isiyotoka nje ya mkoa mmoja. Sababu yake ilikuwa kofia, na aliyetutia njiani ni shangazi yetu.

Idi el-Fitri ya mwaka 2025 ilituangukia mwisho wa mwezi wa Machi, mawingu ya masika yakiwa yameanza kujikusanya. Siku mbili kabla yake tulikwenda sokoni Tandika kumtafutia kijana wetu kofia ya vitobo. Tukaiona moja nyeupe, nzuri, iliyoshonwa kwa mkono wala si kwa mashine. Muuzaji alitaja bei, nasi tukaipinga. Akapunguza, tukapinga tena. Tukaondoka hatua tano ili atuite, naye akatuita. Mwishowe tuliichukua kwa chini ya nusu ya bei ya kwanza, tukarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya Idi shangazi yetu alikuja kula pilau pamoja nasi. Aliichukua ile kofia, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya vitobo vyake. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii umeinunua kwa kiasi gani?" Tulimwambia, tena kwa kujisifu. Hakutia neno. Alimvika mtoto kofia yake, akamwombea dua, na mazungumzo yakaendelea. Ila alipokuwa akiaga alisema, "Jumamosi njooni kwangu, wewe na mtoto. Njooni asubuhi, msije mchana."

Shangazi anakaa Chamazi, katika Wilaya ya Temeke. Jumamosi ile tulishika barabara ya Kilwa, tukapita Mtoni panapovukwa mto Kizinga, tukapita Mbagala, na pale Rangi Tatu tukaiacha barabara kubwa. Mwenye kuzijua sehemu hizi tangu zamani hana budi kustaajabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 mji wote wa Dar es Salaam ulikuwa na watu kama 270,000. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulipindukia watu 5,300,000. Palipokuwa mashamba ya minazi na mikorosho ya Wazaramo na Wandengereko sasa pana nyumba zilizobanana, maduka na misikiti. Hata hivyo, mnazi mmoja mmoja bado unachungulia juu ya mabati, na chini ya mwembe uliosalimika utaona jamvi limetandikwa na watu wamekaa kitako. Kiunga hakijafa, kimeingia uani.

Tulibisha hodi. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, wanangu, karibuni." Chai ilikuwa tayari, na pembeni pake palikuwa na kitambaa cheupe, uzi na sindano. Shangazi amekuwa akishona kofia tangu usichana wake, na siku ile alitaka tuione kazi tangu mwanzo. Kitambaa hukatwa vipande viwili, duara ya utosini na ukanda wa kuzunguka kichwa, tena kila kipande huwa cha mapande mawili yaliyolazwa pamoja. Juu yake huchorwa maua kwa kalamu ya risasi. Ndipo inapoanza kazi yenyewe: kutoboa kitobo kidogo, kukizungushia uzi pembezoni ili kisifumuke, kisha kutoboa kingine, na kingine, mpaka ua likamilike.

"Basi shoneni kimoja tu," alituambia.

Tulikishona kimoja. Sindano ilituchoma mara mbili, uzi ulikatika, na kitobo chetu kilipokwisha kilikuwa kama jicho la mtu aliyeamshwa usingizini. Chai ilikuwa imepoa. Kijana wetu alishona chake, kikawa bora kuliko chetu kidogo. Kisha shangazi akamwambia avue kofia yake ya Idi na avihesabu vitobo vilivyomo. Mtoto alihesabu ua moja, akahesabu la pili, halafu akanyamaza akitutazama sisi. Mwanamke mwenye nyumba na watoto, anayeshona baina ya kupika, kufua na kulea, huweza kukaa na kofia moja kama hiyo mwezi mzima na zaidi. Tulizigawa kimoyomoyo fedha tulizotoa Tandika kwa siku hizo, kisha tukaondoa faida ya muuzaji, maana naye ana haki yake. Sehemu iliyobaki kwa siku moja ya mwanamke yule haikutosha kununua andazi na kikombe cha chai.

Ndugu zetu, kwa hakika tuliona haya. Tulikuwa tumesali sala ya Idi na kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya mavazi mapya, na huku juu ya kichwa cha mtoto wetu pana kazi ya mtu tuliyempunja kwa ujanja wa kuondoka hatua tano. Na Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajatimiza shukrani yake kwa Mungu. Mafundisho hayo tumeyasikia tangu chuoni, lakini siku ile tuliyasoma kwenye kofia.

Shangazi hakutukaripia. Alituchukua nyumba ya pili kwa jirani yake, bibi mmoja msusi wa mikeka. Makuti machanga ya mkindu yakishakatwa huanikwa juani mpaka yakauke yawe meupe, kisha huchanwa chane nyembamba. Nyingine hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Chane husukwa ukili mrefu, na ukili huo hushonwa mzunguko baada ya mzunguko mpaka ukatoka mkeka. Tulimwomba bibi atusukie mkeka mmoja wa kusomea watoto wetu nyumbani. Alitaja bei yake, nasi safari hii tulisema, "Tumekubali." Lakini yeye akacheka, akasema, "Mmekubali nyinyi, masika hayajakubali. Ukindu haukauki siku hizi, huota ukungu. Ngojeni kipupwe."

Neno hilo lilitufunza jambo la pili. Sisi watu wa mjini tumezoea kwamba kitu kikitakiwa hununuliwa saa ile ile. Mkeka wa plastiki upo dukani mvua inyeshe isinyeshe, na hatuulaumu, maana ni rahisi na watu wengi wanauweza. Lakini mkeka wa ukindu una miezi ndani yake. Ndani yake mna jua la kiangazi, mna unyevu wa asubuhi unaolainisha chane zisivunjike, tena mna subira ya mtu aliyejua wakati wa kufanya na wakati wa kungoja.

Kutoka hapo tuliteremka bondeni nyuma ya nyumba, penye bustani za mchicha. Mwenye bustani alikuwa akichimba upya matuta yake, kwani mvua ya usiku ilikuwa imeyasomba. Mchicha hauchukui muda mrefu, katika wiki tatu au nne hung'olewa ukauzwa, na kwa hiyo mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi huweza kupata riziki yake mara nyingi kwa mwaka. Lakini wakati wa masika makubwa maji hutuama, mizizi huoza, na matuta hubebwa. Ndiyo maana mchicha huadimika sokoni wakati ule ule ambao nchi yote ni kijani, na mama wa nyumbani hununua fungu dogo kwa fedha nyingi akanung'unika.

Tulimpa pole mkulima yule, tukamwuliza kama hakasiriki. Akajibu, "Ndugu yangu, hukasirika sana. Mwezi wa Januari nilibeba maji kwa keni asubuhi na jioni nikiomba mvua. Sasa imekuja imechukua matuta. Nikiikasirikia mvua nitakuwa nimesahau keni." Kisha akatuonyesha mpapai uliosimama ukingoni, matunda yake yametobolewa na ndege. Kijana wetu alitaka kuwatupia mawe. Yule bwana akamzuia, akamkumbusha Hadithi ambayo wengi wetu twaijua: kwamba Mwislamu apandapo mti, akala humo mtu, mnyama au ndege, basi aliyeupanda huandikiwa sadaka.

Haifai tukaidhani shukrani kuwa ni kuufumbia macho msiba. Mvua ni rehema, tena huwa mtihani. Hatujasahau mafuriko ya Desemba mwaka 2011, yaliyoua watu wapatao 40 katika mji huu, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, upande wa Kinondoni, kuanza maisha upya. Mtu wa namna hiyo haambiwi "shukuru" na aliyekaa pakavu. Yeye husaidiwa kwanza. Shukrani ya aliyesalimika ni kumkumbuka aliyepatikana na msiba.

Mwezi wa Julai, mvua zilipokwisha na kusi likivuma baridi, tuliona vema tukautembelee na upande huo wa pili wa mji. Tulishika barabara ya Bagamoyo, tukapita Mwenge penye wachonga vinyago, ambako kijana alishika bakora ya mpingo akashangaa uzito wake. Tulimweleza kwamba mpingo hukua polepole mno, na huenda ukapita miaka 70 kabla haujafaa kukatwa. Alitutazama akasema, "Basi aliyeupanda hakuichonga." Naam, tukamwambia, na huenda hapana mtu aliyeupanda ila Mola wake.

Tulikwisha Kunduchi, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za kauri za China. Bakuli hizo zilisafirishwa zama za vyombo vya tanga, na vyombo hivyo vilifuata misimu: vikishuka kwa kaskazi na kupanda kwa kusi. Mfinyanzi alikuwa China, nahodha alikuwa baharini, na fundi aliyeichoma chokaa na kuisimamisha kuta alikuwa hapa pwani. Hapana hata mmoja wao tunayemjua jina. Tulisimama tukawasomea Fatiha waliolala pale, na moyoni tukawajumlisha wale mafundi wote wasiojulikana, pamoja na mwanamke mmoja wa kofia.

Kwa kuwa tumetaja misimu, twapenda vijana wetu waizingatie neema iliyomo katika mwaka wa Kiislamu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka kama 33. Mwaka 2003 tulifunga katika vuli, mwaka 2017 tukafunga katika kipupwe, na mwaka 2025 tukamaliza joto la kaskazi na kuingia masika. Mtu aliyeruzukiwa umri wa kutosha huwa amefuturu kwa embe la msimu wake, kwa chungwa la msimu wake, na kwa maji matupu ya kiangazi. Hapana msimu ulioachwa bila ya ibada, wala hapana msimu uliokosa kitu cha kushukuriwa.

Tulirudi Tandika kwa yule muuzaji wa kofia. Tulimwambia kwamba tumekuja kutimiza bei. Alidhani twamfanyia mzaha. Alipoona fedha alitueleza kuwa mshonaji humletea kofia kila baada ya muda, na kwamba akija atampa. Hatukutaka stakabadhi. Tulisema ni amana, naye akaitikia kwamba ni amana. Ikiwa imefika, alhamdulillahi, na kama haijafika, basi hesabu yake haipo tena kwetu.

Na mkeka? Ulikuja mwezi wa Agosti, una mistari ya zambarau na kijani, wanukia jua. Watoto wanasomea Qurani juu yake kila baada ya Magharibi, na kijana wetu amewakataza wadogo zake kuuburuta. Hakuambiwa na mtu. Amekishona kitobo kimoja, na amemwona bibi akingoja ukindu ukauke.

Basi, enyi wazazi, twakunasihini jambo jepesi. Katika nyumba zenu na pawe na kazi moja ya mikono inayofanywa mbele ya watoto, ijapokuwa ni kutengeneza kiatu, na Mtume wetu s.a.w. alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Na pawe na mmea mmoja unaomwagiliwa, hata katika kopo. Nanyi vijana, mkienda sokoni kununua kazi ya mkono, kupatana bei si haramu, lakini kabla ya kuondoka zile hatua tano, ulizeni kwanza imechukua siku ngapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuziona neema Zake, na kuwapa haki yao wale ambao kwa mikono yao hutufikishia. Amin.