Bamba la Nyuma

Karatasi ilikuwa moja tu, imechapwa pande zote mbili kwa herufi ndogo, nami niliitafsiri usiku mmoja nyumbani Unguja, kwa chai ya tangawizi na kiburi. Hili la kiburi nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililonifanya niifuate karatasi hiyo mpaka Singida.

Marehemu kaka yangu aliacha Land Rover ya turubai, ile fupi ya inchi 88, ya toleo la tatu lililoundwa baina ya 1971 na 1985. Alipofariki, mwanawe aliivusha bahari akaipeleka Singida, ambako hununua alizeti na asali vijijini. Kijana huyo huniita ami. Mimi Mungu hakunijaalia mtoto, kwa hiyo nikisema mwanangu, ni yeye ninayemkusudia.

Mwaka mmoja mshirika wake katika biashara alikufa ndani ya gari la turubai mfano wa hilo hilo. Lilipinduka penye kona ya mchanga, na waliokuwapo walisema mwendo haukuwa mkubwa. Lililala chali, na juu ya kichwa cha dereva hapakuwa na kitu isipokuwa kitambaa. Baada ya maziko mwanangu alinipigia simu. Gari la baba yake hatoliuza, alisema, lakini vile lilivyo halipandi tena. Jamaa yetu mmoja aliyeko Uingereza akatafuta chuma kinachofaa, akakitia ndani ya kontena pamoja na magodoro na baiskeli za watoto, na kikafika salama, ila mfuko wa bolti zake ulipotea njiani.

Kitu chenyewe ni bomba nene lililopindwa likawa kama herufi ya U iliyogeuzwa juu chini. Husimamishwa nyuma ya viti vya mbele, na kutoka mabegani mwake hutoka mabomba mawili yaliyonyooka ya kuegemea nyuma. Gari likipinduka, chuma hicho ndicho kinachotangulia kugusa ardhi badala ya fuvu la dereva. Kanuni za FIA, ambalo ndilo shirikisho la dunia la mbio za magari, zinataja mpaka vipimo vyake: kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa 2.5, au 50 kwa 2, tena liwe bomba lisilo mshono. Bomba la maji halifai hata likipakwa rangi nzuri namna gani, kwa kuwa hilo aghalabu lina mshono.

Mafundi wa bara hukiita rolibaa. Sikio langu lilikataa. Baa kwetu ni balaa lishukalo, na baa nyengine ni mahali pa ulevi. Itakuwaje kitu cha kuokoa roho kibebe mkosi huo mkiani mwa jina lake? Ngao ingelikuwa neno zuri, lakini ngao imekwisha kuposwa na kile chuma cha mbele cha kuzuia ng'ombe. Nikaandika upinde. Nilifurahi na upinde wangu huo kwa muda wa saa nzima, ilhali mistari mizito zaidi ya karatasi ile niliipita mbio. Ndiyo ada yetu sisi watu wa maneno.

Toka Dar es Salaam hadi Singida ni karibu kilomita 700. Mtu wa kisiwani akifika kule hushangaa mawe: majabali ya matale yamelaliana mjini kama magunia bandarini, na kati yake upepo haukomi. Yapo maziwa mawili, Singidani na Kindai, na maji yake yana chumvi, jambo lililonipa faraja ya ajabu.

Fundi alikuwa Mnyaturu wa makamo, mpole, mpenzi wa mbio za magari. Tulipojulikana tu alianza kunisimulia habari za Bert Shankland, mkaazi wa Tanzania aliyeshinda mbio za East African Safari 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na ilibidi mwanangu amrudishe taratibu kwenye gari lililokuwa mbele yetu. Basi alichukua nyundo ndogo akaigonga chesisi toka mbele mpaka nyuma, huku ametega sikio. Mbele chuma kililia. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto kikanyamaza. Akachomeka bisibisi, ikazama mpaka mpinini.

"Gari hii imekunywa bahari," alisema.

Chesisi ya Land Rover ni sanduku refu lenye uwazi ndani, na kutu yake huanzia ndani, pasipoonekana. Bodi nayo ni ya alumini, haioti kutu ile ya wekundu. Lakini alumini ikigusana na chuma mahali penye chumvi na unyevu, huliwa ikawa unga mweupe. Ilichukua siku mbili kukata palipooza na kuchomelea chuma kipya, kabla hatujafungua hata karatasi yangu. Nilimwuliza kwa nini upinde wenyewe usichomelewe vilevile, kuliko kuhangaika na bolti. Alinieleza kwamba alumini na chuma havichomeleani, na kwamba kilichofungwa kwa bolti huweza kufunguliwa, kikakaguliwa, kikafungwa tena. Mwanangu alilipenda jambo hilo la pili. Gari lilikuwa la baba yake, na siku moja angependa kulirudisha kama alivyoliacha.

Bolti tulizitafuta maduka matatu. Katika kichwa cha bolti ya kuaminika hupigwa nambari, na tuliyoitaka ilikuwa 8.8: nane ya kwanza ni nguvu ya kuvutwa hadi kukatika, megapaskali 800, na ya pili husema kwamba bolti itaanza kunyooka isirudi ikifikia asilimia 80 ya nguvu hiyo. Kila mguu wa upinde hutaka tatu zisizopungua, za milimita 8. Duka la kwanza na la pili walikuwa na bolti zinazong'aa, vichwa vitupu. Fundi alizirudisha sandukuni bila ya kusema neno.

Siku ya tatu alisoma tafsiri yangu kwa sauti, akifuata mistari kwa kidole chenye grisi. Alipofika katikati akasita.

"Mzee wangu, hapa pameandikwa bamba la nyuma. Kwa hiyo miguu ya mbele haina bamba?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Lakini gari ikilala, uzito unaanzia kwa huu mkubwa wa mbele. Na sakafu hii ni kama kifuniko cha sufuria. Bolti itachomoka na washa yake."

"Waliokitengeneza wanajua kuliko sisi, fundi."

Alinitazama kidogo. "Sawa, mzee," akasema, akainama kazini. Jioni upinde ulikuwa umesimama, mweusi, mzuri, umefungwa kama nilivyoandika. Mwanangu akasema asubuhi ataondoka kwenda upande wa Mgori kununua alizeti.

Usiku ule katika nyumba ya wageni usingizi haukuja. Niliitoa karatasi ya Kiingereza. Mimi lugha hiyo sikuipata skuli. Niliipata kwa kamusi moja kongwe na kwa ukaidi, neno baada ya neno, na neno ambalo shina lake ni mgongo kwangu lilikuwa nyuma, basi. Lakini vitu vingi huitwa kwa mgongo katika lugha ile, na kimojawapo ni kile kinachokaa upande wa pili kuutegemeza upande huu. Bamba lililotajwa halikuwa la nyuma ya gari. Lilikuwa la chini ya sakafu, mkabala na kila mguu, ili sakafu nyembamba ibanwe baina ya vyuma viwili na nguvu isambae. Mchoro ulikuwapo pale pale: miguu minne, mabamba manne. Niliuona mchoro huo Unguja na sikuutazama, kwa kuwa nilikuwa nikitafuta jina la upinde.

Nimetafsiri mashairi kwa miaka mingi, na nimekosea mara nyingi. Shairi likikosewa, msomaji hukunja uso, mhariri huniandikia barua, na toleo lijalo husahihishwa. Nilikaa kitandani nikauhesabu mwendo wa gari kutoka mjini hadi kwenye mchanga, na miguu miwili ya mbele iliyoshikwa na washa tu.

Kabla ya alfajiri kupambazuka vyema nilikuwa mlangoni kwa fundi. Alikuwa akinywa uji. Nikamwambia kosa ni langu, si la waandishi. Hakustaajabu. Aliingia ndani akatoka na mabamba mawili, sentimita 10 kwa 12, unene wa milimita 3, kingo zimekwisha kulainishwa kwa tupa.

"Nilikata manne toka juzi," alisema.

"Sasa kwa nini hukunambia?"

"Nilikuambia, mzee."

Sikuwa na jawabu, wala sasa sina. Adabu yake kwa mvi zangu ingeliweza kumzika mwanangu, na mimi ndiye niliyeidai adabu hiyo.

Tulifungua yote. Yeye bamba hilo huliita pacha, kwa kuwa huzaliwa na mguu wake na hukaa upande wa pili wa ukuta. Nililifuta langu nikaandika lake. Kisha, kwa kuwa hofu ilikuwa imeniingia, tuliisoma karatasi nzima upya, Kiingereza na Kiswahili sambamba, na tukakuta jengine. Palipohusu kuuvika upinde sponji ngumu, mimi nilikuwa nimeandika "inafaa". Fundi akaketi katika kiti cha dereva, akarudisha kichwa nyuma. Kikagota kwenye chuma. Dereva wa mashindano huvaa helmeti. Mwanangu huvaa kofia ya kiua aliyoshonewa na mama yake. Chuma kilichotiwa kumlinda asipondwe gari likipinduka kingeweza kumpasua kichwa siku lililogongwa kidogo tu kwa nyuma. Tukaandika "lazima". Na palipohusu mikanda, ambayo nilikuwa nimeipa mstari mmoja wa haraka, tukaandika "lazima" pia, maana asiyefungwa mkanda hurushwa nje, na upinde hubaki ukilinda kiti kitupu.

Safari ya Mgori iliahirishwa kwa siku mbili. Tulipoondoka, fundi alikuwa ameibandika karatasi yangu ukutani, kufuta kwangu kote kukionekana. Mwanangu alizunguka akaja upande wangu, akanifunga mkanda kwa mkono wake kama mtoto, akauvuta, kisha akauvuta tena.