Mtoto wa Mbwa na Siku Zake Kumi

Wazee husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Maneno hayo hutajwa sana katika habari za kuwalea watoto wa watu, lakini ni wachache wayakumbukao wanapoletewa mtoto wa mbwa. Wengi hudhani kwamba mbwa hana haja ya malezi. Kwamba akipewa makombo ya ugali na kamba ya kumfungia, atakua mwenyewe na kuwa mlinzi. Dhana hiyo imeleta hasara mahali pengi, na katika miji ya mpakani hasara yake yaweza kuwa kubwa zaidi.

Busia na Malaba, upande wa Kenya katika mpaka wa Uganda, ni miji isiyolala. Malori yapelekayo mizigo Uganda, Rwanda na Kongo hupanga foleni ndefu barabarani mchana na usiku. Boda boda, ambazo asili yake ni baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mipakani huku tangu miaka ya 1960, sasa ni pikipiki zipitazo kama nyuki. Mahali penye watu wengi na mali nyingi hapakosi wezi, na penye wezi watu hutaka mbwa. Mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, ili msafiri akaguliwe hati zake mara moja tu. Lakini mbwa hana hati wala kituo. Huvuka kwa vichochoro, au hubebwa ndani ya lori, na hakuna aulizaye alikotoka.

Ndivyo alivyofika Simba. Mwenye duka la nafaka mmoja wa Malaba, mtu wa kabila la Wateso, alikuwa ameibiwa magunia mawili ya mtama, naye akaomba atafutiwe mbwa. Baada ya siku chache utingo wa lori akamletea mtoto wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni. Hakuzidi umri wa wiki tano. Watoto wakampa jina la Simba kwa furaha kubwa, lakini furaha hiyo haikudumu hata juma moja. Usiku alilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Mchana alikojoa juu ya magunia, akatafuna kandambili, akawang'ata mbuzi masikio, na kila mkono uliomkaribia aliupokea kwa meno yaliyo makali kama sindano.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema apewe pilipili katika chakula ili awe mkali. Wa pili alisema akatwe masikio. Wa tatu alisema afungwe mnyororo kwenye mti mpaka awe mkubwa. Mwenye duka hakufuata hata mmoja, ila alichukua fimbo. Kila Simba alipopigwa alijificha chini ya meza, na kila mkono ulipoingia huko kumtafuta, aling'ata kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho yake hufunguka apatapo wiki mbili hivi, na meno ya utoto huanza kuota katika wiki ya tatu au ya nne. Tangu hapo walimu wake ni mama yake na ndugu zake. Amng'atapo nduguye kwa nguvu, nduguye hulia na kuacha mchezo. Amuumizapo mama yake, mama huondoka na kumnyima titi. Kwa njia hiyo hujifunza kipimo cha meno yake. Ndiyo sababu madaktari wa mifugo hushauri kwamba asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Aliyechukuliwa akiwa na wiki tano hufika kwa watu kabla hajamaliza masomo hayo, na hapana budi watu wenyewe wayamalize. Simba hakuwa mbaya, alikuwa hajafundishwa.

Jioni moja mtoto wa kiume wa mwenye duka, mwenye umri wa miaka saba, alimnyang'anya Simba kiatu. Simba akamng'ata kiganjani, na damu ikatoka. Jirani alikuja mbio na panga mkononi.

"Mbwa huyu ametoka ng'ambo," alisema. "Nani amjuaye mama yake? Auawe sasa hivi, azikwe."

Neno la jirani lilikuwa na sababu. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kuogopwa kuliko mwingi. Vijidudu vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia kwa jeraha, na husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka katika ubongo. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa karibu na Nairobi. Duniani kote hukadiriwa kuua watu 59,000 hivi kila mwaka, na karibu wote huupata kwa kung'atwa na mbwa.

Lakini mama wa mtoto hakungoja mashauri ya panga. Alimpeleka mwanawe bombani, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa robo saa, kisha akampakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Muuguzi alimdunga mtoto chanjo ya kwanza siku ile ile. Kisha akauliza habari za mbwa, na alipoambiwa kwamba majirani wataka kumwua, akakataza.

"Mbwa akiuawa na kuzikwa leo, hatutajua neno lo lote," alisema. "Mfungieni mahali salama, mpeni chakula na maji, mtazameni siku kumi. Kama alikuwa na kichaa katika mate yake alipong'ata, hatazimaliza siku hizo akiwa mzima."

Basi Simba akawekwa katika banda la kuku nyuma ya duka. Mtoto alikatazwa kulikaribia banda, lakini alikaa mlangoni mwa jikoni, mkono wake umefungwa kitambaa, akamtazama. Kila asubuhi alichora mstari mmoja ukutani kwa mkaa. Baba yake, ambaye hapo kwanza hakumtazama mbwa yule ila kwa fimbo, sasa aliamka alfajiri kabla ya kufungua duka, akaenda kuuliza maswali yale yale: Amekula? Amekunywa maji? Aweza kusimama? Sauti yake ni ile ile? Maana uhai wa mbwa ulikuwa habari za uhai wa mwanawe.

Katika kutazama huko kwa hofu, watu wa nyumba ile waliona mambo ambayo hawakuyaona walipokuwa wakipiga. Waliona kwamba Simba hukojoa kwa saa zake: aamkapo, amalizapo kula, na achokapo kucheza. Waliona kwamba hulala sehemu kubwa ya mchana, na kwamba akikatizwa usingizi huwa mkorofi, kama mtoto mchanga aliyechoka. Na nyanya wa watoto, aliyekuwa akichambua mboga karibu na banda, aligundua jambo la tatu.

"Baba humkataza kwa Kiteso," alisema, "mama humkataza kwa Kiluhya, watoto kwa Kiswahili, na wapagazi wa duka kwa Kiganda. Mnasema mbwa huyu hasikii. Je, amsikie nani?"

Wote wakacheka, lakini siku ile wakapatana. Neno la kumkataza litakuwa moja tu, "Acha," litasemwa kwa sauti ya chini, na kila mtu wa nyumba atalitumia hilo.

Siku ya kumi Simba alikula ugali na dagaa, akabweka, akatafuna mlango wa banda. Muuguzi alipopashwa habari alifurahi, na hofu ikatoka nyumbani. Hata hivyo kukosa kichaa si kuwa na adabu, na kazi ya malezi ndiyo kwanza ilianza.

Njia waliyoifuata ni nyepesi, tena haina gharama. Simba alipoamka, mtu alimpeleka nje mara moja, na alipokojoa mahali pafaapo alisifiwa papo hapo. Ukikutwa mkojo ndani, ulifutwa tu, kwa maana mbwa apigwaye kwa kosa la saa iliyopita hajui apigiwa nini. Hujifunza kumwogopa apigaye na hakuna zaidi. Alipong'ata mkono katika mchezo, mchezo ulikoma. Mtu alisema "Acha," akageuka na kumpa mgongo kwa kitambo kidogo, kama ndugu zake wangalivyofanya. Kisha alipewa kipande cha kamba nene akitafune, kwa kuwa meno yaotayo hayana budi kutafuna. Watoto nao walifundishwa wasimguse akiwa amelala au akila, wala wasimnyang'anye kitu kinywani.

Tena walimzoeza dunia. Wataalamu Scott na Fuller wa Marekani, waliotoa kitabu chao mwaka 1965 baada ya kuchunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi, walionyesha kwamba umri wa tangu wiki ya tatu mpaka ya kumi na mbili hivi ndio mlango wa kuzoea watu na mambo mageni. Mlango huo ukifungwa, mbwa huogopa asichokijua, na mbwa mwenye hofu ndiye ang'ataye ovyo. Basi Simba alibebwa mpaka kando ya barabara akasikia honi za malori kwa mbali, kisha kwa karibu. Aliwaona wapagazi, waendesha pikipiki, wazee wenye bakora na akina mama wenye vikapu vichwani, akapewa kipande cha dagaa kila alipotulia. Pilipili haimfundishi mbwa kumjua mwizi. Humchoma tumbo tu. Ajuaye mwizi ni mbwa aliyekwisha kuwajua watu wema.

Alipewa dawa ya minyoo, kwa sababu minyoo ya watoto wa mbwa huweza kuwaingia watoto wa watu. Alipotimiza miezi mitatu alichanjwa kichaa, na cheti chake kikawekwa sandukuni pamoja na vyeti vya watoto. Huduma za mifugo zimo mikononi mwa serikali za kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013. Kwa hiyo mwenye mbwa akaulize ofisi ya mifugo iliyo karibu naye.

Mwezi wa Julai 1885 mtoto Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9, aling'atwa na mbwa, naye akapewa chanjo ya Louis Pasteur, akaokoka. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Dawa, basi, imejulikana zaidi ya miaka mia moja. Serikali ya Kenya ilitoa mpango wake mwaka 2014, wenye shabaha ya kuukomesha ugonjwa huu kwa watu ufikapo mwaka 2030, na wataalamu husema kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hesabu hiyo haitimizwi na serikali peke yake. Hutimizwa na mwenye duka wa Malaba, na mvuvi wa Port Victoria, na mkulima wa Nambale, kila mtu na mbwa wake.

Methali moja husema, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia." Maana yake mnyama hufuata tabia ya bwana wake. Nyumba yenye fimbo nyingi na maneno mengi hupata mbwa mwoga ang'ataye watoto wa nyumbani. Nyumba yenye saburi na neno moja hupata mbwa ajuaye mipaka yake. Mwenye kutaka mlinzi, na aanze kwa kuwa mlezi.