Baba mdogo, DT na oili ya boti

UE zimeisha, bumu liliisha kabla yake (teh teh teh), kwa hiyo leo naweka kando mambo ya lekcha niwape habari ya pikipiki. Tena siyo hizi bodaboda tunazopanda kila siku. Nazungumzia tu-stroki, ile inayolia kama msumeno wa mbao na kuacha moshi wa bluu njia nzima.

Kwetu ni Ilagala, kusini mwa Kigoma mjini, jirani na pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Baba mdogo ana Yamaha DT 125 ya zamani, aliinunua mtumba kwa mradi mmoja uliofunga virago. Ndiyo inayobeba madumu ya mawese kutoka vijijini mpaka sokoni, na hela ya mawese ndiyo inalipa chumba cha wadogo zangu wawili wanaosoma mbali na nyumbani. DT ikilala, madogo wanarudi nyumbani. Basi wale mnaoniuliza kwa nini nazunguka Kariakoo kutafuta ringi za pistoni badala ya viatu, jibu ndilo hilo.

Sasa somo lenyewe. Bodaboda ya kawaida ni four-stroki, oili yake inakaa chini ya injini na inazunguka humo humo. Tu-stroki haina nafasi hiyo, kwa sababu petroli na hewa hupita kwanza chini ya pistoni, kwenye krenki, ndipo vipande juu kuungua. Kwa hiyo oili lazima isafiri pamoja na petroli na kuungua nayo. Ndio maana ya ule moshi. Yamaha walileta pampu ya Autolube mwaka 1964, ukijaza tangi dogo la oili inajichanganya yenyewe. Lakini DT ya baba mdogo pampu ilishang'olewa zamani na fundi, wanachanganya kwa mkono. Ukiweka petroli tupu, pistoni inapata joto, inavimba, inang'ang'ania kwenye silinda. Injini imenoki, kwisha habari.

Wiki iliyopita nikampigia simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine inachoka, kiki imekuwa laini kabisa."

Kiki kuwa laini maana yake mara nyingi ni mgandamizo umepungua, ringi zimeisha. Nikamuuliza anatumia oili gani. Akasema ile ya mwaloni, wanayouziwa wavuvi. "Oili ni oili mwanangu. Mbona wavuvi hawalalamiki?"

Swali zuri sana hilo, na ndilo lililonifanya niandike leo. Mashine za boti nyingi pale kwetu nazo ni tu-stroki, ndiyo maana oili ipo tele. Lakini mashine ya boti inapozwa na maji ya ziwa, DT inapozwa na upepo tu, na ikipanda kilima na madumu mgongoni upepo wenyewe ni kidogo. Oili ya boti, ile chupa iliyoandikwa TC-W3, imetengenezwa kwa injini isiyopata joto kali hivyo. Ya pikipiki tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD. Pia wavuvi wengi huchanganya 50:1, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Kwa DT kuukuu isiyo na pampu, mafundi wengi huenda kwenye 30:1, kama mililita 33. Kwa hiyo ukichota kwenye dumu la mvuvi unakosea mara mbili: aina ya oili na kiasi.

Nilimweleza polepole, maana kumfundisha mzazi si sawa na kumfundisha Form Two. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi nitumie na hiyo chupa."

Mengine niliyomwandikia kwenye karatasi ni haya. Filta ya hewa ioshwe kila wiki kiangazi, ikauke, ipakwe oili kidogo, maana vumbi letu jekundu linakula silinda kama msasa. Plagi isomwe: ikiwa rangi ya kahawa ni salama, nyeusi yenye majimaji petroli au oili imezidi, nyeupe hatari, joto limezidi. Ekzosi ikwanguliwe masizi, injini isikose pumzi. Oili ya gia ni nyingine na ina mahali pake, ibadilishwe. Na kabla ya kuweka ringi mpya fundi aangalie silinda kwanza. Ikiwa na michirizi, ringi mpya ni hela ya bure, inabidi kuchonga na kuweka pistoni kubwa zaidi.

Kuna wanaosema auze anunue Boxer. Labda iko siku. Lakini hela ya Boxer haipo, na ya ringi ipo.

Halafu nimepata zawadi ya bure. Nikienda TP na mada ya uwiano, sitaanza na maembe ya kwenye kitabu. Nitaanza na dumu la lita tano, chupa ya oili, na swali moja: tuweke kiasi gani baba yako asilale njiani?

Kwa leo naishia hapa wadau. Alamsiki.